Boti ya kifahari imepotea kwenye ramani: ni ya Mrusi mwenye vikwazo, au tunamsingizia?

SWALI: "Nafanya kazi katika kampuni ndogo ya familia hapa Mombasa. Tunapeleka vyakula, maji na mafuta kwenye meli. Juzi tumepata barua pepe kutoka kwa wakala aliyeko Dubai, anataka tuandae lita 120,000 za dizeli na vyakula vya watu 40 kwa boti ya kifahari ya mita 90 hivi, malipo kwa dola. Shemeji yangu anasema boti hiyo ni ya bilionea wa Kirusi aliyewekewa vikwazo. Nikaitafuta kwenye tovuti ya bure ya ramani za meli. Ilikuwa Mahé, Shelisheli, ikang'oa nanga, ikatoweka kabisa. Siku 3 baadaye alama yake ikatokea karibu na Dubai, inazunguka duara juu ya nchi kavu! Shemeji anasema hapo ndipo pa kujua kwamba inazima mtambo na kudanganya. Tena nasoma kwamba boti hizi Urusi huzitumia kwa ushawishi wa siri katika nchi za watu. Nitajuaje ni ya nani? Na tukiihudumia, tumevunja sheria?"

JIBU: Ndugu yangu, hapo kuna maswali matatu, na shemeji ameyajibu yote kwa mpigo mmoja. Kwanza, hii ni boti ipi hasa? Pili, ni ya nani? Tatu, ni sheria ya nchi gani inayokushika wewe uliyeko Kilindini? Kila swali lina ushahidi wake. Ile alama ya ramani inahusu swali la kwanza peke yake, na hata hapo ni shahidi dhaifu.

Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unaitaka kila meli ya tani 300 za ujazo na kuendelea, ikisafiri kimataifa, iwe na mtambo wa AIS. Boti ya mita 90 huvuka kiwango hicho kwa mbali. Mtambo wenyewe ni redio tu. Unatangaza jina, namba, mahali, mwendo na uelekeo kwenye masafa mawili ya VHF, megahezi 161.975 na 162.025, kwa nguvu ya wati 12.5. Meli ikiwa safarini hutangaza mahali ilipo kila baada ya sekunde 2 hadi 10. Ikitia nanga, kila dakika 3. Ulitungwa ili meli zisigongane usiku na penye ukungu. Aliyeutunga hakuwa na habari ya mabilionea, ndiyo maana hauna kufuli lolote: hauna nywila, na hakuna anayehakiki kilichoandikwa ndani yake.

Mawimbi ya VHF huenda moja kwa moja, na bahari imepinda. Ukitaka kukadiria yanafika wapi, chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya meli kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena ya nchi kavu, kisha zidisha kwa 2.2, utapata maili za baharini. Antena ya meli iliyo mita 25 juu ya maji na kipokezi kilicho mita 50 juu ya bahari hufikiana kwa takriban maili 27. Tovuti za bure hutegemea vipokezi vya nchi kavu, na vingi ni vya watu wa kujitolea walioviweka juu ya mapaa yao. Taarifa za setilaiti huuzwa. Kwa hiyo boti iliyotoka Mahé ikapotea baada ya saa mbili haijafanya jambo la ajabu. Imetoka nje ya upeo wa kipokezi, kama zinavyotoka meli za samaki na za makontena kila siku.

Shaka halali huanzia mahali pengine. Rudi kwenye ramani utazame majirani wa boti hiyo saa ileile ilipopotea. Kama meli zote za bandari zilipotea pamoja, basi kipokezi kilikatikiwa umeme. Kama ilipotea ikiwa maili 25 nje, inakwenda maili 14 kwa saa kuelekea bahari kuu, hilo ni la kawaida. Lakini kama ilikuwa imetulia kwenye nanga, majirani wote wanaonekana, na yenyewe tu ikazimika kwa siku nzima, hapo andika tarehe na saa na uhifadhi picha ya skrini. Hata ukinunua taarifa za setilaiti, usitarajie mstari usiokatika. Meli hugawana muda wa kutangaza, nafasi 2,250 kwa dakika katika kila masafa, na hupangana zenyewe kwa zenyewe pale zinaposikiana. Setilaiti inasikia eneo la maelfu ya kilomita kwa wakati mmoja, hivyo meli zisizosikiana hutangaza pamoja na sauti zao kugongana juu huko.

Halafu kuna kuzima kwa halali. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zinamruhusu nahodha kuzima AIS akiona inahatarisha usalama wa chombo chake. Katika maji yetu sababu hiyo si ya kubuni: maharamia wa Kisomali walirudi kazini mwishoni mwa 2023, na mnamo Desemba waliiteka meli ya mizigo Ruen. Nahodha anayetoka Shelisheli kwenda Ghuba akizima mtambo mashariki ya kisiwa cha Socotra, mimi simlaumu.

Sasa hilo duara la Dubai. Kutoka Mahé hadi Dubai, kwa kuzunguka Oman na kupita Hormuz, ni zaidi ya maili 2,000. Ili ufike kwa siku 3 unatakiwa uende kama maili 28 kwa saa bila kupumzika. Boti nyingi za ukubwa huo hukimbia kati ya 15 na 20 zikijitahidi. Basi alama ile haikuwa boti yako pale. Yawezekana chombo kingine kimeingiziwa namba ileile ya redio. Yawezekana pia ishara za GPS zilivurugwa: kifaa kikidanganywa mahali kilipo, AIS hutangaza uongo huo kwa uaminifu mkubwa, na miduara juu ya nchi kavu ndiyo dalili yake maarufu. Juni 2017, karibu na Novorossiysk katika Bahari Nyeusi, meli zipatazo 20 zilijikuta "zimeegeshwa" kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Ghuba nayo imekuwa na uvurugaji wa namna hiyo. Hapo nahodha ni mwathirika, hakuna alichofanya.

Na wakati mwingine mchafuzi ni mtu wa tatu kabisa. Februari 2022 watu waliojiita Anonymous walichezea taarifa za boti Graceful, inayohusishwa na Vladimir Putin, ikaonekana imepanda mwamba katika Kisiwa cha Nyoka cha Ukraine, na mahali inapokwenda pameandikwa "jehanamu". Watu walicheka, ila kwa anayetafuta ushahidi hilo ni onyo. Hata sehemu ya "inakoelekea" huandikwa kwa mkono na yeyote aliye kwenye usukani. Oktoba 2022 Nord, boti ya mita 142 inayohusishwa na bilionea wa Kirusi Alexei Mordashov, iliondoka Hong Kong ikiwa imeandika Cape Town. Wanasiasa wa Afrika Kusini wakabishana wiki nzima kama ikamatwe au isikamatwe. Haikufika.

Mimi ningeiamini zaidi oda uliyoletewa. Boti ya ukubwa huo, kutegemea injini zake, hula lita 600 hadi 1,000 kwa saa kwa mwendo wa safari. Lita 120,000 ni saa 120 hadi 200. Kwa maili 14 kwa saa, hizo ni maili 1,700 hadi 2,800. Injini zikila kidogo, inatosha kutoka Mombasa hadi Ghuba.

Tuje kwenye utambulisho. Usishikilie jina, jina hupakwa rangi nyingine usiku mmoja. Ile Graceful iliondoka Hamburg tarehe 7 Februari 2022, matengenezo yake hayajaisha, ikaenda Kaliningrad. Sasa inaitwa Kosatka. Kisichobadilika ni namba ya IMO, tarakimu 7 zinazobaki na chombo hadi kinapovunjwa. Boti za binafsi hazilazimiki zote kuwa nayo, lakini kubwa nyingi zinayo. Iombe, kisha ihakiki mwenyewe: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, jumlisha, tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba. Chukua 9074729: 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139, inaishia na 9, sawa. Isipolingana, mtu amekosea au amebuni.

Namba nyingine, MMSI, ina tarakimu 9 na ni ya redio, kwa hiyo hubadilika bendera ikibadilika. Tarakimu tatu za mwanzo zinataja bendera: 319 ni Visiwa vya Cayman, 310 Bermuda, 248 Malta, 273 Urusi, 634 Kenya, 674 na 677 Tanzania. Ukiona chombo kilichokuwa 319 hadi mapema 2022 kimekuwa 273 miezi michache baadaye, hiyo ni habari, kwa sababu sajili za Uingereza na maeneo yake ziliwafungia mlango Warusi waliowekewa vikwazo. Na ukiona 677 kwenye kitu chenye thamani ya dola milioni mia, ulizia mara mbili. Mwaka 2012 Tanzania ililazimika kuzifuta meli za mafuta za Iran zilizopachikwa bendera yake kupitia wakala aliyekuwa, bahati mbaya, Dubai hukohuko.

Ukishapata namba ya IMO, fungua akaunti ya bure kwenye Equasis, hifadhidata ya meli, uone historia ya majina, bendera na kampuni zinazosimamia. Linganisha picha: idadi ya sitaha, mahali pa kutua helikopta, umbo la mlingoti. Boti zinazokodishwa huwa zimepigwa picha kila pembe na madalali wenyewe. Kama unataka kujua ipo au haipo Mahé, picha za setilaiti za Ulaya, Sentinel-2, hupatikana bure kwenye tovuti ya Copernicus, na mahali palepale hupigwa kila baada ya siku 5 hivi. Nukta moja ya picha ni mita 10, kwa hiyo boti yako itakuwa nukta 9 tu kwa urefu. Utaona kuna chombo kirefu cheupe kwenye nanga, jina hutaliona. Mawingu ya Shelisheli nayo yana mazoea yao, hivyo jaribu na Sentinel-1, ambayo ni rada na haijali wingu.

Swali la pili, ya nani, ndilo linalowatoa jasho hata polisi wenye bajeti. Ukidhani utafungua daftari la usajili ukute jina la bilionea, utasubiri sana. Daftari litakuonyesha kampuni moja yenye mali moja: boti hiyo. Hisa za kampuni hiyo zinashikwa na nyingine, labda ya Kupro au Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na juu yake kuna trasti, yaani mali iliyowekwa amana, inayosimamiwa na wanasheria. Jina unalolitafuta, yule ambaye BRELA, wakala wa kusajili kampuni kule Dar, wangemwita mmiliki manufaa, yaani anayefaidi mali hasa, liko ghorofa ya nne au ya tano. Na si kila ngazi imejengwa ili kudanganya. Matajiri wa Marekani na wa Ghuba hujenga zilezile kwa sababu za kodi na za bima, hivyo kampuni ya nje peke yake haithibitishi lolote.

Anza na nakala ya usajili kutoka nchi ya bendera. Cayman, Uingereza na Malta huitoa kwa ada. Wengi husoma jina la mmiliki wakaishia hapo. Wewe shuka hadi kwenye rehani. Benki iliyokopesha ilishafanya uchunguzi wake na inajua ilimkopesha nani. Axioma, boti ya mita 72 iliyozuiwa Gibraltar Machi 2022, ilihusishwa na bilionea wa Kirusi Dmitry Pumpyansky. JP Morgan ilikuwa inaidai, ikafungua kesi ya deni, na boti ikapigwa mnada kwa dola milioni 37.5 mwaka huohuo. Deni lilifanikisha kwa miezi mitano jambo ambalo vikwazo peke yake vimeshindwa kwa miaka. Kisha pitisha majina ya kampuni kwenye hifadhidata ya nyaraka zilizovuja ya ICIJ, muungano wa wanahabari wapelelezi, na kwenye OpenSanctions, inayokusanya orodha za vikwazo. Zote ziko wazi.

Halafu tazama tarehe. Hisa zilizohamia kwa mke, mtoto, dada au meneja wa zamani wiki chache kabla au baada ya 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, zinazungumza zaidi ya jina lenyewe. Lakini tarehe haitatui kila kesi. Dilbar, mita 156, iliyokuwa Hamburg, ilihusishwa na Alisher Usmanov. Polisi wa Ujerumani walitumia wiki kadhaa kupekua tabaka za kampuni za nje hadi wakatangaza Aprili 2022 kwamba mwenye nayo ni dada yake. Usmanov naye husema mali ilishaingia kwenye trasti zamani. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukamwondoa dada huyo kwenye orodha yake. Ndiyo maana nakwambia mtu anayekupa jibu la umiliki kwa sentensi moja hajaufanyia kazi.

Kinachoshinda mahakamani mara nyingi ni mambo ya jikoni na vyumbani. Chukua Amadea, mita 106, iliyokamatwa Lautoka, Fiji, Mei 2022. Karatasi zilimtaja Eduard Khudainatov, aliyewahi kuongoza kampuni ya mafuta ya Urusi, Rosneft, ambaye wakati huo hakuwa na vikwazo vya Marekani. FBI haikubishana na karatasi. Ilileta barua pepe za mabaharia zinazoitaja familia ya Suleiman Kerimov, bilionea aliyewekewa vikwazo, kwa alama za siri, G-0, G-1 na kuendelea, na maagizo ya familia hiyo kuhusu tanuri la piza na kitanda cha masaji. Mtu anayeagiza tanuri libadilishwe ndiye mwenye nyumba. Machi 2025 jaji wa New York aliamua kwamba Khudainatov alikuwa mmiliki wa jina tu. Khudainatov huyohuyo ndiye aliyeandikwa kwenye Scheherazade, mita 140, iliyozuiwa Marina di Carrara, Italia. Kule timu ya Alexei Navalny, mpinzani wa Putin, ilipata orodha ya mabaharia na kuonyesha kwamba wengi wao walitoka kwenye idara inayomlinda rais wa Urusi. Swali lao lilikuwa jepesi: nani anapikiwa, na nani analipa mishahara?

Wewe huna barua pepe za mabaharia, lakini una kitu cha jamii hiyo: utajua nani anakulipa. Nitarudi hapo.

Kuhusu vikwazo vyenyewe, kuna kanuni ya hesabu. Kwa Marekani, kampuni ambayo waliowekewa vikwazo wanamiliki kwa jumla asilimia 50 au zaidi inahesabiwa imezuiwa hata kama haimo kwenye orodha. Umoja wa Ulaya na Uingereza nao huangalia umiliki, na zaidi ya hapo huuliza nani anaidhibiti. Kwa hiyo ukitafuta jina la boti kwenye orodha ya OFAC, ile ofisi ya Hazina ya Marekani, na usilipate, hujamaliza. Na ukikuta tajiri ana asilimia 49, hujamaliza pia.

Sasa sheria ya nani? Hakuna vikwazo vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa juu ya mabilionea hawa kwa sababu ya vita vya Ukraine, wala haviji, maana Urusi ina kura ya turufu. Vilivyopo ni vya Marekani, Umoja wa Ulaya, Uingereza na washirika wao. Havifanyi kazi kama sheria ndani ya Kenya, Tanzania, Shelisheli, Maldivi, Uturuki wala Falme za Kiarabu. Ndiyo maana Solaris na Eclipse, zinazohusishwa na Roman Abramovich, zilikimbilia Bodrum na Marmaris, na Motor Yacht A ikalala Ras Al Khaimah. Nord ilipotia nanga Hong Kong, kiongozi wa huko John Lee alisema waziwazi kwamba wao hutekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa tu. Kwa hiyo boti hiyo ikiingia Kilindini, bandari haivunji sheria kuipokea. Fiji iliikamata Amadea kwa njia nyingine, ombi la msaada wa kisheria kutoka Marekani lililopita mbele ya mahakama ya Fiji.

Pia usichanganye kuzuia na kutaifisha. Boti nyingi unazosoma "zimekamatwa" zimezuiwa tu: hazitembei, haziuzwi, lakini mwenyewe bado ni mwenyewe, na serikali zinalia bili. Amadea iliigharimu Marekani zaidi ya dola 600,000 kwa mwezi. Antigua ilipobaki na Alfa Nero bandarini ilibidi itunge sheria mpya ya kuiuza. Mnunuzi wa kwanza aliyetoa dola milioni 67.6 mwaka 2023 akajitoa, na mwaka uliofuata ikaenda kwa milioni 40. Na boti ya Phi imeshikiliwa London tangu Machi 2022 ingawa mwenye nayo hajawekewa vikwazo yeye binafsi. Inatosha kwamba ana uhusiano na Urusi, na Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali hivyo Julai 2025. Unaona nchi zinavyotofautiana.

Basi uko huru kuihudumia? Kwa sheria ya Kenya pekee, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Lakini umesema dola. Dola inayotoka Dubai kuja Mombasa kwa kawaida hupita kwenye benki ya New York, na hapo ndipo sheria ya Marekani inapokukuta bila wewe kupanda ndege. Fedha zinaweza kuzuiwa njiani ukiwa umeshamwaga mafuta, na benki yako ya hapa inaweza kufunga akaunti kuliko kujieleza kwa benki ya kule. Marekani pia inaweza kumwekea vikwazo mtu wa nchi yoyote aliyetoa msaada mkubwa kwa aliyezuiwa. Kampuni ndogo ya familia haiko juu kwenye orodha yao, lakini akaunti iliyofungwa inaumiza hata bila kuandikwa popote. Jambo jingine ambalo watu husahau: kama mmoja wa wakurugenzi wenu, labda kaka aliyeko Minneapolis au dada aliyeko Birmingham, ana uraia wa Marekani au Uingereza, au kadi ya kijani, yeye anabanwa na sheria za huko popote alipo. Akitia saini ankara hiyo, amejiingiza.

Kuhama kwenye dirhamu au shilingi hupunguza hatari ya dola, ila usifanye hivyo kama ujanja baada ya kuambiwa ukweli. Kubadilisha sarafu, jina la mteja au maelezo ya ankara ili benki isijue ndiko kunakogeuza biashara ya kawaida kuwa kosa. Katika kesi ya Tango, boti ya mita 78 iliyokamatwa Palma de Mallorca Aprili 2022 na kuhusishwa na Viktor Vekselberg, waendesha mashtaka wa Marekani walidai kwamba wasimamizi waliiita Fanta kwenye malipo ili benki zisishtuke. Wakala akikuomba uandike jina lingine kwenye ankara, mwage kwaheri palepale.

Juu ya ushawishi wa siri, ulichosoma si ndoto. Septemba 2019 Hazina ya Marekani iliizuia boti ya Yevgeny Prigozhin, yule wa kundi la mamluki la Wagner, iitwayo St. Vitamin, pamoja na ndege zake tatu, kwa sababu ya kile kiwanda chake cha St. Petersburg kilichoingilia uchaguzi wa Marekani kwa akaunti bandia. Mojawapo ya kampuni zilizoshika mali hizo, Beratex Group, anwani yake ilikuwa Victoria, Shelisheli. Viktor Medvedchuk, mwanasiasa wa zamani wa Ukraine aliye karibu na Putin, boti yake Royal Romance ilizuiwa Kroatia 2022. Miaka miwili baadaye Umoja wa Ulaya ukamwekea vikwazo kwa mtandao wa tovuti ya Voice of Europe ya Prague, uliotumika kupenyeza propaganda ya Kirusi. Na video ya Navalny ya Februari 2018 ilimwonyesha bilionea Oleg Deripaska akiwa na naibu waziri mkuu Sergei Prikhodko kwenye boti katika maji ya Norway. Wote wawili walikana ubaya. Boti ni mahali pazuri pa kukutana kwa sababu haina daftari la wageni. Lakini kinachounganisha boti na ushawishi ni fedha: kampuni ileile inayolipa dizeli ndiyo inayolipa mahali pengine. Boti kutia nanga Mombasa na mabaharia wake kula pilau mjini si operesheni ya kijasusi, na ukiandika mtandaoni kwamba ni hivyo, unaweza kujibu kesi ya madai ya kashfa au mashtaka ya sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Drone pia iache. Inahitaji kibali, na bandari ni eneo la ulinzi.

Hadi hapa unaweza kufanya mwenyewe. Yapo mambo matatu ambayo yakijitokeza, acha kusoma majibu yangu uende ofisini kwa watu: namba ya IMO ikionekana kwenye orodha yoyote ya vikwazo, mlipaji akiwa kampuni isiyohusiana na mmiliki wala msimamizi wa boti, au mmoja wenu akiwa na uraia wa nchi zenye vikwazo. Nenda kwanza kwa afisa wa uzingatiaji wa sheria katika benki yenu, ana kwa ana, kabla fedha hazijaingia. Akikataa, umepoteza biashara moja tu. Kisha wakili wa masuala ya bahari, na Mombasa wapo wazuri. Nenda na karatasi zote, usiende na simulizi.

Kwa leo, mjibu wakala wa Dubai kwa mistari michache. Mwombe nakala ya cheti cha usajili, namba ya IMO, jina la mmiliki aliyesajiliwa na la kampuni ya usimamizi, jina kamili na benki ya atakayelipa, na tamko lililotiwa saini kwamba boti haimilikiwi wala haidhibitiwi na mtu aliyewekewa vikwazo. Mwambie malipo yote yatangulie, na kwamba benki yenu itapitia kwanza. Wakala wa kweli anazo karatasi hizo kwenye kompyuta yake na atazituma siku hiyohiyo. Akianza kukuuliza kwa nini unazitaka, usiagize dizeli.